Rangi za kazi ndogo katika chati ya Gantt

Rangi za kazi ndogo katika chati ya Gantt ni utaratibu wa kuzipa sehemu za mradi rangi zinazotofautiana na ile ya kazi kuu inayozibeba, kwa kutumia maagizo ya programu badala ya kupaka pau moja moja kwa mkono. Hutumika katika usimamizi wa miradi ya ujenzi, ukarabati, utafiti na utengenezaji wa programu za kompyuta. Makala hii inaeleza utaratibu huo kwa mfano wa ukarabati wa nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa sababu huko kazi ndogo ikisahauliwa hasara yake inaweza kuwa kubwa kuliko kuchelewa tu.

Chati yenyewe

Chati ya Gantt ni mchoro wenye majina ya kazi upande wa kushoto na tarehe juu au chini. Kila kazi huchorwa kama pau iliyolala: mwanzo wa pau ni siku ya kuanza, mwisho wake ni siku ya kumaliza, na urefu wake ni muda. Mwalimu yeyote aliyewahi kupanga ratiba ya vipindi ukutani ataielewa mara moja, ila hapa siku zinakwenda mlalo na pau moja inaweza kuvuka wiki nyingi.

Imepewa jina la Henry Laurence Gantt (1861–1919), mhandisi wa Marekani aliyezaliwa Maryland na kufanya kazi pamoja na Frederick Taylor katika viwanda vya chuma. Hakuwa wa kwanza. Karol Adamiecki wa Poland alibuni mchoro wa namna hiyo mwaka 1896, lakini aliuandika kwa lugha ambazo wasomaji wa Magharibi hawakuzisoma, na jina likabaki kwa Gantt. Mwaka 1922 Wallace Clark alichapisha kitabu kilichoieneza chati hii katika nchi nyingi. Wakati huo ilichorwa kwa wino na rula, na mabadiliko ya siku moja yaliweza kumlazimu mchoraji aanze karatasi upya.

Kazi kuu na kazi ndogo

Mradi hugawanywa kwa ngazi. Kazi kuu, mfano "Paa", si kazi anayoifanya mtu. Ni jina la kundi. Wanaofanya kazi wanafanya kazi ndogo: kuegemeza, kutoa boriti mbovu, kuweka boriti mpya. Kazi ndogo nayo inaweza kuwa na kazi ndogo zake. Programu huihesabu kazi kuu kutokana na watoto wake: inaanza pale mtoto wa kwanza anapoanza na kwisha pale wa mwisho anapomaliza.

Tatizo linaanzia hapo. Programu nyingi zina uwezo wa kukunja kundi ili ibaki pau moja tu. Mkubwa anayesoma chati ofisini huona pau hiyo na asilimia iliyoandikwa juu yake, na asilimia hiyo kwa kawaida ni wastani uliopimwa kwa siku.

Tuchukue paa la siku 40. Kuegemeza kumepangiwa siku 5, kutoa boriti mbovu siku 10, kuweka boriti mpya siku 25. Tuseme taarifa za wiki zinaonyesha kuegemeza 0%, kutoa 100%, kuweka 40%. Siku zilizokamilika ni 0 + 10 + 10, yaani 20 kati ya 40. Pau ya kazi kuu itaandika 50%, na kila mtu mezani ataridhika. Lakini maana ya takwimu hizo ni kwamba boriti zimetolewa bila ukuta kuegemezwa. Kazi fupi kuliko zote ndiyo yenye hatari kuliko zote, na wastani umeimeza.

Rangi ya kazi ndogo ipo kwa ajili ya hali kama hiyo. Kuipendeza chati ni jambo la pili.

Kwa nini Mji Mkongwe

Mji Mkongwe uko upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba.

Ukuta wa namna hiyo hauvumilii maji. Paa likiwa wazi wakati wa masika, mvua huingia ndani ya ukuta, udongo na chokaa hulainika, na ukuta hupoteza nguvu. Mafundi hupenda kufungua paa baada ya masika, kuanzia Juni, wakati wa kipupwe, na kulifunga kabla ya vuli. Chokaa nayo ina haraka yake mwenyewe, yaani haina haraka. Hukomaa polepole kwa kunyonya hewa ya kaboni, na ikikaushwa na jua kwa ghafla hupasuka. Kati ya lipu ya kwanza na ya mwisho lazima pawe na siku za kungoja, na siku hizo hakuna fundi anayeonekana. Kwa asiyejua, ni siku za uvivu zinazofaa kukatwa. Anayezikata, au anayebadilisha chokaa kwa saruji ili awahi, huufungia unyevu ndani ya ukuta.

Miradi ya ukarabati iliyokamilika ipo ya kujifunzia. Zahanati ya Zamani iliyo mkabala na bandari, jengo lililoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan, ilikarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan katika miaka ya 1990, na bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kazi ya taasisi hiyohiyo. Upande mwingine kuna Beit al-Ajaib, kasri la Sultani Barghash bin Said lililojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafariki. Chati haiwezi kuuzuia ukuta usianguke, na makala hii haidai hivyo. Inachoweza ni kuonyesha kwamba kazi ya kuegemeza haijafanyika, kabla kazi inayoifuata haijaanza.

Rangi iwe na maana moja

Kabla ya kuandika agizo lolote, mpangaji huamua rangi inasema nini. Inaweza kusema kazi ndogo ni ya kundi gani, au ni ya fundi gani, au iko katika hali gani. Ikisema mawili kwa pamoja, haisemi lolote. Chati nyingi huharibika hapa: nyekundu ni kundi la waashi, na nyekundu hiyohiyo ni kuchelewa.

Njia inayofaa ni kuiachia rangi yenyewe kazi ya kutaja kundi, na kuuachia weupe wake kazi ya kutaja ngazi. Kazi kuu ya paa ikiwa buluu iliyokolea, kazi zake ndogo ziwe buluu iliyofifia, na zilizo chini yake zififie zaidi. Jicho linaona familia moja, na pia linaona nani mzazi na nani mtoto. Hali ya kazi, kama kuchelewa au kungoja, ionyeshwe kwa alama nyingine: mistari ya kukatiza ndani ya pau au ukingo mnene.

Hesabu ya kufifisha

Kompyuta huandika rangi kwa namba tatu, kila moja kuanzia 0 hadi 255: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Kufifisha ni kuisogeza kila namba kuelekea 255. Kama namba ni c na kiwango cha kufifisha ni k, namba mpya ni c + (255 − c) × k.

Buluu yetu ni 20, 90, 140. Kwa k = 0.4 tunapata 114, 156, 186. Kwa k = 0.8 tunapata 208, 222, 232. Kwa uandishi wa heksadesimali, ambao programu nyingi huupenda, rangi hizo tatu ni #145A8C, #729CBA na #D0DEE8. Maandishi meupe husomeka vizuri juu ya ile ya kwanza; juu ya mbili nyingine yawe meusi.

Faida kubwa ya hesabu hii inaonekana kwenye mashine ya fotokopi. Ofisini chati huchapwa mara moja kwa rangi, kisha hutolewa nakala nyeusi na nyeupe zinazokwenda kwa mafundi. Ukolevu wa rangi baada ya kugeuzwa kijivu hukadiriwa kwa kujumlisha 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya buluu. Buluu zetu tatu zinatoa takriban 75, 147 na 219, na hatua kati yake ni 72 kila mara, kwa hiyo ngazi zinabaki wazi hata bila rangi. Sasa jaribu nyekundu ya 200, 0, 0 na kijani ya 0, 102, 0, jozi ambayo wengi huichagua kwa ajili ya "hatari" na "salama". Zote mbili zinatoa 60. Kwenye nakala ya fundi, hatari na salama ni kijivu kilekile. Jozi hiyohiyo huwasumbua pia watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, hali inayowapata wanaume kuliko wanawake. Kwa wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni karibu mwanamume 1 kati ya 12.

Mfano kwa Python

Python ni lugha ya programu isiyo na malipo, na maktaba yake ya kuchorea iitwayo Matplotlib inatosha kwa kazi hii. Maneno ya lugha yenyewe ni ya Kiingereza, lakini majina anayotunga mwandishi yanaweza kuwa ya Kiswahili, na ni vizuri yawe hivyo ili msimamizi wa kazi aweze kuyafuata. Tarehe zilizomo ni za mfano.

    import matplotlib.pyplot as plt
    import matplotlib.dates as mdates
    from datetime import date

    rangi_kuu = {"Paa": (20, 90, 140), "Ukuta": (130, 60, 20)}

    # jina, kundi, ngazi, aina, mwanzo, siku
    orodha = [
        ("Paa", "Paa", 0, "kazi", date(2025, 6, 9), 40),
        ("Kuegemeza", "Paa", 1, "kazi", date(2025, 6, 9), 5),
        ("Kutoa boriti mbovu", "Paa", 1, "kazi", date(2025, 6, 14), 10),
        ("Kuweka boriti mpya", "Paa", 1, "kazi", date(2025, 6, 24), 25),
        ("Ukuta", "Ukuta", 0, "kazi", date(2025, 7, 19), 60),
        ("Kuziba nyufa", "Ukuta", 1, "kazi", date(2025, 7, 19), 14),
        ("Lipu ya kwanza", "Ukuta", 1, "kazi", date(2025, 8, 2), 10),
        ("Chokaa kukomaa", "Ukuta", 1, "kungoja", date(2025, 8, 12), 21),
        ("Lipu ya mwisho", "Ukuta", 1, "kazi", date(2025, 9, 2), 15),
    ]

    def fifisha(rangi, ngazi):
        k = min(0.4 * ngazi, 0.8)
        return tuple((c + (255 - c) * k) / 255 for c in rangi)

    fig, ax = plt.subplots()
    for i, (jina, kundi, ngazi, aina, mwanzo, siku) in enumerate(orodha):
        ax.barh(i, siku, left=mdates.date2num(mwanzo),
                color=fifisha(rangi_kuu[kundi], ngazi),
                edgecolor="black",
                hatch="//" if aina == "kungoja" else None)

    ax.set_yticks(range(len(orodha)))
    ax.set_yticklabels(["   " * (2 - r[2]) + r[0] for r in orodha])
    ax.invert_yaxis()
    ax.xaxis_date()
    fig.autofmt_xdate()
    plt.show()

Mambo machache ya kuangalia. Rangi haikuandikwa katika mstari wa kazi yoyote; kila mstari unataja kundi na ngazi, na rangi inahesabiwa. Kazi ndogo ikihamishwa kutoka kundi la paa kwenda la ukuta, rangi yake inabadilika yenyewe. Ukomo wa 0.8 ndani ya fifisha upo kwa sababu ngazi ya tatu ingetoa k ya 1.2, na namba ya rangi ingevuka kiwango kinachokubalika. Matplotlib hutaka namba kati ya 0 na 1, ndiyo maana ya kugawa kwa 255. Siku za kungoja zina mistari ya kukatiza, kwa hiyo hata kwenye fotokopi zinaonekana kuwa kitu tofauti, nazo zimehesabiwa ndani ya siku 60 za ukuta kama kazi nyingine.

Microsoft Project

Ofisi nyingi hutumia Microsoft Project, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1984. Maagizo yake huandikwa kwa VBA. Kitanzi hupita kwenye kila kazi, hukagua ngazi yake kwa OutlineLevel na kama ni kazi kuu kwa Summary, kisha hupaka rangi:

    Sub PakaRangi()
        Dim t As Task
        For Each t In ActiveProject.Tasks
            If Not t Is Nothing Then
                If t.OutlineLevel = 2 And Not t.Summary Then
                    GanttBarFormatEx TaskID:=t.ID, MiddleColor:=&H8C5A14
                End If
            End If
        Next t
    End Sub

Mstari wa "Nothing" si pambo. Safu tupu katika orodha ya kazi hurudishwa kama kitu kisichokuwepo, na bila ukaguzi huo agizo hukwama katikati, nusu ya chati ikiwa imepakwa. Mtego wa pili ni mpangilio wa rangi. Hapa heksadesimali husomwa kinyume, buluu kwanza na nyekundu mwisho, kwa hiyo #145A8C huandikwa &H8C5A14. Anayenakili bila kugeuza atapata 140, 90, 20, ambayo ni rangi ya kahawia, na atashangaa kuona paa lake limekuwa la udongo.

Upungufu wa njia hii ni kwamba rangi hubandikwa kwenye pau na kubaki hapo. Kazi ikihamishwa kundi au hali yake ikibadilika, rangi ya zamani inaendelea mpaka mtu aendeshe agizo tena. Njia imara zaidi ni kutumia zile bendera za ndiyo au hapana, Flag1 hadi Flag20, ambazo kila kazi inazo. Agizo linaweka bendera, na mtindo wa pau uliotengenezwa mara moja unaeleza kuwa kazi yenye bendera fulani ina rangi fulani. Chati inayoonyesha rangi ya mwezi uliopita ni mbaya kuliko chati isiyo na rangi, maana inaaminika.

Programu nyingine

Katika Excel chati ya Gantt hutengenezwa kwa pau zilizounganishwa: sehemu ya kwanza, inayotoka ukingoni hadi siku ya kuanza, hufanywa isiyo na rangi, na ya pili hubeba muda. Kila pau ya sehemu ya pili inaweza kupakwa kwa Points(i).Format.Fill.ForeColor.RGB = RGB(20, 90, 140), na hapa namba hufuata mpangilio wa kawaida. Kwa kurasa za tovuti, maktaba kama dhtmlxGantt hutoa kitendaji gantt.templates.task_class, ambacho hurudisha jina la mtindo kwa kila kazi, na rangi zote hukaa katika faili moja la mitindo. Mermaid hutambua hali chache, kama done, active na crit. Inatosha kwa michoro midogo. GanttProject, ya bure, huruhusu rangi kwa kila kazi kupitia dirisha la sifa zake.

Rangi ya kazi kuu iliyokunjwa

Kurudi kwenye paa la 50%. Tiba yake ni kuifanya kazi kuu isichukue wastani wa watoto wake katika alama ya hali, bali ichukue hali mbaya kuliko zote. Hali hupewa namba: 0 kwa iliyokwisha, 1 kwa inayoendelea vizuri, 2 kwa iliyochelewa, 3 kwa iliyorukwa, yaani kazi ambayo haijafanyika wakati inayoitegemea imeshaanza. Kazi kuu huchukua namba kubwa kuliko zote kati ya watoto wake, na programu huanza kuhesabu kutoka ngazi ya chini kabisa kwenda juu. Kwa Python ni neno moja, max. Paa letu lingepata 3, na ukingo wake mnene ungeonekana hata kundi likiwa limekunjwa. Asilimia iachwe ilivyo, wahasibu wanaihitaji.

Kalenda ya mahali

Programu hizi huja na kalenda ya nchi nyingine: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 08:00 hadi 17:00. Kwa msomaji wa Unguja 08:00 ni saa mbili asubuhi, na ni salama zaidi kuandika tarehe bila saa katika chati zinazokwenda kwa mafundi. Programu haijui Swala ya Ijumaa inavyogawanya siku, wala haijui Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku zipatazo 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi na hivyo ikaungana na mwanzo wa masika. Saa za kazi nzito hupungua mwezi huo, na kazi ndogo ya siku 10 inaweza kuhitaji 14.

Misimu huonyeshwa kwa kivuli nyuma ya pau badala ya kubadilisha rangi za pau zenyewe. Katika mfano wa Python mstari ufuatao, ukiwekwa kabla ya plt.show(), hutia kijivu hafifu kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei:

    ax.axvspan(date(2025, 3, 1), date(2025, 5, 31), color="0.9", zorder=0)

Pau yoyote ya "Paa" inayoingia ndani ya kivuli hicho ni ya kujadiliwa na fundi kabla ratiba haijatiwa saini.